Nimeacha Pombe, Mbona Nimechoka Hivi?

"Hongera," mteja aliniambia.

Nilikuwa nimelala juu ya meza ya kukatia, shavu kwenye kitenge cha watu, tepu shingoni. Saa tisa alasiri, mlango wazi, feni inazunguka, bajaji zinapigiana honi nje. Sinza yote iko macho saa hiyo. Mimi nilikuwa nimezima.

Nikanyanyuka, nikajifuta mdomo, nikauliza hongera ya nini.

"Dada fundi, mimi nina watoto watatu, usinifiche. Juzi kwenye sendofu ulishika soda usiku mzima. Leo nakukuta umelala mchana kweupe. Miezi mingapi?"

Sina mimba. Nimeacha pombe. Ila hilo la pili huwezi kumwambia hivi hivi mtu aliyekuja kupima gauni, kwa hiyo nikacheka, nikampima, akaenda zake. Habari ikaenda naye. Wiki haikuisha ikawa imefika Rombo, na mama mkwe akapiga simu kuuliza kama nakula vizuri.

La mimba nililicheka. Lililonikaa kichwani wiki baada ya wiki ni jingine: miaka yote niliyokunywa, hakuna mteja aliyewahi kunikuta nimelala mezani.

Hata mmoja.

## Fundi asiyechoka

Kila fundi nguo wa Dar anaijua Ijumaa. Kamati ya harusi imekaa miezi, imechangishana, imegombana kuhusu rangi, halafu kitenge kinakufikia Jumatano jioni. Akina mama wengi, kila mmoja na mshono wake alioutoa kwenye simu, na sherehe ni Jumamosi. Unakubali. Kodi ya fremu inalipwa kwa mkupuo na mwenye nyumba hataki kusikia habari za mtu kupumzika.

Mimi nilikuwa fundi wa Ijumaa. Wenzangu walizima taa saa nne usiku, cherehani yangu ikaendelea mpaka mlinzi wa mtaa akaizoea. Watu wakasema huyu dada hachoki. Nilipenda sana kuambiwa hivyo.

Kwenye kopo la vifungo palikuwa na viroba viwili vitatu, vile vifuko vidogo vya pombe kali. Serikali ilipovipiga marufuku, Machi 2017, nilihamia chupa ndogo, na kwa kuwa chupa haikuenea kwenye kopo ikapata makazi kwenye droo ya bitana. Huko sikukuita kunywa. Kunywa kulikuwa baada ya kufunga, baa ya ng'ambo ya barabara, bia ya baridi na nyama choma na mashoga zangu. Kile cha kwenye droo nilikihesabu pamoja na uzi, sindano na mafuta ya cherehani.

Nayasema haya ili ieleweke nilikotokea. Wapo wanaoacha pombe kwa sababu inawaangusha barabarani. Mimi ndiyo ilikuwa inanisimamisha, au ndivyo nilivyoamini, na nilipoiacha nikaanguka. Ukiwa na ushahidi wa namna hiyo, utamjibu nini anayekuambia uirudie?

## Nguvu zilizokuja zikaondoka

Kabla sijaendelea, hili naomba mtu asiliruke. Anayekunywa sana kila siku, anayeamka anatetemeka mpaka apate moja ya kuzimua, asiache ghafla peke yake chumbani kwa kuwa amesoma blogu ya fundi cherehani. Mwili uliozoea unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Baada ya hapo wengine huanza kuweweseka, kuona visivyokuwapo, homa juu, moyo mbio, na watu wamekufa hivyo. Aende hospitali. Muhimbili na hospitali nyingine kubwa za serikali zina madaktari wa afya ya akili wanaoijua kazi hiyo, na dawa za kumvusha mtu siku hizo zipo.

Mimi sikufika huko. Mikono ilitetemeka, nikalowesha shuka kwa jasho, na kwa siku kadhaa kutunga uzi kwenye sindano ilikuwa kazi ya binti anayenisaidia. Halafu ikaja wiki ya ajabu.

Niliamka mwepesi. Nikapanga vifungo kwa rangi. Nikafungua feni, nikaiosha. Nikampigia kila mteja niliyekuwa namkwepa, nikamaliza nguo zilizolala tangu Pasaka. Siku moja nilitoka Sinza mpaka Mwenge kununua zipu kwa miguu, juani, na nikarudi kwa miguu nikiimba. Usiku nikamwambia baba watoto: kumbe ndivyo watu wanavyoishi!

"Ngoja kwanza," akasema. Ni mtu wa maneno machache, na mara nyingi inaudhi.

Kabla mwezi haujaisha nguvu zile zikaondoka. Hazikupungua kidogo kidogo, niliamka tu siku moja hazipo. Miguu mizito, kichwa kizito, usingizi unaokuja saa tano asubuhi na kukataa katakata kuja usiku. Nikikaa kwenye cherehani naona mshono unakwenda upande, naufumua, naushona tena, nao unakwenda upande ule ule. Nilikuwa nakata sketi ya shule ya mtoto wa jirani, kitu ninachoweza kukata nikiwa nimefumba macho, nikasimama katikati kwa sababu sikukumbuka nimeshaacha nafasi ya mshono au bado.

Shaka iliingia hapo, tena ikiwa na hoja nzuri. Nimeondoa kitu kimoja tu maishani mwangu. Vingine vyote viko palepale: chakula kile kile, kitanda kile kile, mume yule yule, kazi ile ile. Kimeondoka kimoja na kila kitu kimesimama.

Basi huenda nilikuwa nakihitaji.

Kuna watu wanatumia miwani, nilijiambia. Kuna watu wanatumia sindano za sukari.

## Kapime

Dar ukisema umechoka unaambiwa kapime. Malaria, UTI, taifodi, kwa mpangilio huo huo, na anayekuambia anaweza kuwa kondakta wa daladala.

Nilipima. Malaria hakuna. Kingine hakuna. Damu ilikuwa chini kidogo, nikapewa vidonge, nikatoka na bahasha yangu ya kaki na uchovu wangu vilevile. Hapakuwa na aliyeniuliza kuhusu pombe. Nadhani mwanamke mwenye pete kidoleni na gauni lililomkaa vizuri haulizwi swali hilo. Mwanamume angeulizwa mlangoni.

Mara nyingine niliangukia kwa daktari kijana ambaye kabla ya kuandika chochote alisema, "Mama, unatumia kilevi?"

Nikasema ndiyo. Nikasema hapana. Nikasema nilikuwa natumia.

Akaweka kalamu chini. "Umeacha lini, na ulikuwa unatumia kiasi gani?"

Nikamwambia bia. Akanyamaza, akasubiri. Nikamwambia na droo.

## Mpaka adhana

Alianza na hesabu, na mimi mtu wa tepu na sentimita hesabu naielewa haraka kuliko mawaidha.

Bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe halisi. Ini la mtu mzima huondoa wastani wa gramu 7 hadi 10 kwa saa, na hakuna supu ya kongoro wala kahawa chungu inayoliharakisha. Bia nne, tuziache za kwenye droo, ni gramu 80. Nikianza saa moja jioni, ini linamaliza alfajiri.

"Wewe ulikuwa umelala," akasema. "Ini lako lilikuwa kazini mpaka adhana."

Akaendelea na usingizi wenyewe. Pombe inamwahisha mtu kulala, hilo ni kweli, na ndiyo maana wengi wanaisifia. Lakini nusu ya kwanza ya usiku inaukandamiza ule usingizi wa ndoto, na nusu ya pili, ikianza kutoka mwilini, usingizi unakatikakatika. Ndiyo ile kushtuka saa tisa usiku, moyo unadunda, koo kavu, umekodoa macho darini ukihesabu madeni. Niliishi na saa tisa hiyo miaka mingi nikidhani ni mambo ya umri na ada za shule.

Sababu iko kwenye ubongo. Pombe huipa nguvu kemikali ya kutuliza, GABA, na kuikandamiza ya kuchangamsha, glutamati. Ubongo haukai kimya. Ukiona kila jioni unatulizwa kwa nguvu, nao unajirekebisha kuelekea upande wa pili, unapunguza utulivu wake na kuongeza mchangamko ili mambo yalingane. Siku ukiacha, pombe inaondoka ndani ya saa chache, lakini marekebisho yale yanabaki. Mwili uko macho bila sababu, usiku haulali vizuri, mchana unadai ulichokosa. Dalili kali huisha ndani ya siku kadhaa. Usingizi na uchovu vinaweza kuchukua wiki nyingi, kwa wengine miezi.

"Ina maana zamani nilikuwa sichoki, na sasa nachoka?" nikamuuliza.

"Ulikuwa unachoka. Ulikuwa tu hupati taarifa."

Njiani kurudi nikawa naifikiria mikopo ya kausha damu. Sinza wanaopita na makaratasi yao tunawajua. Unachukua leo unafurahi, wiki ijayo unachukua mwingine kulipa wa kwanza, na mtaani unaonekana mtu mwenye hela. Siku unayosema basi, sikopi tena, ndiyo siku unayoonekana maskini, kwa sababu sasa unalipa ya zamani kwa fedha yako mwenyewe na hakuna inayoingia. Jirani akikuona anaona mtu aliyeharibikiwa tangu aache kukopa.

Na kuzimua ndiyo ule mkopo wa pili. Bia ya saa nne asubuhi inaleta nguvu kweli, siwezi kubisha, nimeionja. Inaondoa mtetemo na uzito ulioletwa na bia za jana. Inausogeza mbele uchovu wake yenyewe, halafu inapewa asante.

Usingizi wa ndoto uliporudi ulirudi na fujo. Niliota nakunywa. Naota niko kwenye send-off ya watu nisiowajua, glasi mkononi, nacheka, halafu katikati ya kucheka nakumbuka. Naamka napumulia kiganja, najinusa. Usiku mwingine nilimwamsha baba watoto aninuse yeye. Alininusa, akasema "dawa ya meno," akageukia ukutani.

## Kabla hujalia, kula

Kuna mama anaishi Kimara, rafiki wa marehemu mama yangu, ambaye aliacha pombe kabla mimi sijaanza. Alisaidiwa na kikundi cha AA, ule utaratibu wa walevi kukaa pamoja na kusaidiana ulioanzia Marekani mwaka 1935. Nilikuwa sijui kama alishawahi kunywa. Nilipompigia kumsalimia, sauti yangu tu ilimtosha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeacha, eh?"

Sijui alijuaje. Tangu siku hiyo akawa ananipigia jioni, na swali lake ni moja, tena haliulizi kuhusu pombe.

"Umekula?"

Nilikuwa sili. Siku zote chakula changu cha jioni kilikuwa nyama choma ya kugombania kwenye sinia moja na watu wengine, na kilichonishibisha kilikuwa chupa. Gramu moja ya pombe ina kalori 7, ya sukari 4. Zile gramu 80 za bia nne ni kalori 560 za pombe peke yake, hujagusa wanga wa bia. Zote nilikuwa nimeziondoa kwenye siku yangu na sikuweka kitu mahali pake. Halafu saa kumi na mbili jioni nakuwa na hasira na kila mtu, machozi karibu, miguu haina nguvu, nikasema ni roho.

Ilikuwa njaa. Angalau nusu yake ilikuwa njaa.

"Kabla hujalia, kula," mama wa Kimara alisema, "ukishiba bado unataka kulia, nipigie."

Basi saa kumi jioni nakula. Wali maharage, ndizi, chochote chenye uzito. Tamaa ya sukari ilikuwa kitu kingine, nilikula kashata za muuza kahawa mpaka akawa anapita dukani kwangu kabla ya kituo chake. Kashata daktari hakunikataza. Alichonikataza ni kahawa yenyewe baada ya mchana, maana nusu ya kafeini uliyokunywa bado iko mwilini saa tano au zaidi baadaye, na usingizi wangu haukuwa na nafasi ya kupigana vita viwili. Aliniandikia pia vitamini B1, thiamini, kwa sababu pombe huwafanya wanywaji wengi wawe na upungufu wake, na bila hiyo mwili haukigeuzi vizuri chakula kuwa nguvu.

Msaada mwingine ulitoka Rombo bila kuombwa. Mama mkwe alipakia mkungu wa ndizi kwenye basi, na maelekezo ya simu: mtori, kila asubuhi, mzito. Kwetu mtori ni chakula cha mzazi. Nikaenda kuuchukua mkungu stendi ya Magufuli kule Mbezi, nikijua fika nimeupata kwa jina la mtoto asiyekuwapo. Nilipika, nikala. Ulinifaa sana.

## Jioni

Nimefika kwenye jambo lenyewe.

Saa kumi na mbili na nusu, baa ya ng'ambo inawasha taa. Viti vya plastiki vinapangwa mpaka ukingo wa barabara, moshi wa mkaa unavuka na kuingia kwenye fremu yangu, joto linaanza kulegea. Kwa miaka, mwili wangu uliinuka saa hiyo kabla hata ya tone la kwanza. Daktari aliniambia hilo nalo lina maelezo: dopamini, kemikali ya hamu, hupanda kwa kuona tu dalili za kitu ulichokizoea. Kwa mnywaji wa muda mrefu vipokezi vyake hupungua, kwa hiyo kila kisicho pombe kinamfikia kikiwa kimepauka.

Nilipauka kweli. Kitenge kizuri kilikuwa kinanifurahisha kukigusa tu. Miezi ile nilikigusa nikaona kitambaa.

Lakini si kiu iliyonisumbua jioni. Kiu ningeitambua. Ilikuwa hesabu. Nina sare za kamati, nina mikono mizito, na mita thelathini kutoka hapa kuna kitu cha shilingi chache kitakachonipa saa nne za kazi. Nikifanya kazi nalipwa, nikilipwa ada inatoka. Hoja hiyo ilivaa nguo za mama mwenye bidii, ndiyo maana nilishindwa kuifukuza.

Ijumaa moja shoga yangu alipiga simu: gauni lake nimpelekee hapo baa, anapitiliza kitchen party. Nikavuka. Walikuwa wamekaa meza yetu ile ile, na mhudumu alikuwa amechelewa, kwa hiyo meza ilikuwa tupu. Wakanivutia kiti. Nikakaa.

Sikuwahi kuiona meza ile kabla ya chupa hazijafika. Siku zote mimi ndiye nilikuwa wa kuchelewa, nakuta watu wamechangamka.

Mmoja alikuwa amefumba macho. Mwingine alikuwa anamjibu bosi wake kwenye simu kwa sauti ya adabu huku uso umekunjamana. Wa tatu, mcheshi wetu, yule anayecheza mpaka viti vinapakiwa, alikuwa amevua kiatu kimoja na kuukanda mguu. Alikuwa ametoka Kivukoni amesimama kwenye mwendokasi, kifundo kimevimba, mkanda wa kiatu umeacha alama nyekundu kwenye ngozi. Hakuna aliyesema neno. Walikuwa wamechoka sawasawa na mimi.

Chupa zikaja. Muda si mrefu sauti zikapanda, wakaanza kupanga kwenda Kinondoni baada ya shughuli, mcheshi akaanza kumwigiza bosi wa mwenzake na tukacheka, hata mimi. Lakini nilikuwa nimekaa upande wake, na chini ya meza mguu ulikuwa palepale, nje ya kiatu, umevimba vilevile. Aliposimama kucheza aliukanyagia.

Niliutazama mguu ule kuliko nilivyomtazama mtu yeyote usiku huo.

Daktari alikuwa ameshaniambia yote, kwa gramu na kwa saa, na nilikuwa nimemwamini kama unavyoamini utabiri wa hali ya hewa. Mguu ule niliuona. Nikaaga, nikafunga duka sare zikiwa hazijaisha, nikalala saa mbili na nusu. Asubuhi nikampigia mwenyekiti wa kamati nikamwambia zitafika saa sita mchana, si saa mbili. Akafoka. Zikafika saa sita.

Utu uzima wangu wote sikuwahi kufanya kitu rahisi namna hiyo: kuchoka, halafu kulala kwa sababu nimechoka.

## Zimerudi, ila si saa zile

Ningependa kuandika kwamba nguvu zangu zimerudi. Zimerudi, lakini zimehama saa.

Naamka saa kumi na moja alfajiri bila kengele. Nafika dukani wakati wafagiaji ndio wanaanza, nafungua mlango nusu, nakata. Kukata ndiyo kazi inayotaka akili, na alfajiri mkasi wangu haukosei. Hakuna joto, hakuna mteja anayesimama nyuma ya bega akisema kiuno kiingie kidogo. Kitambaa nilichokuwa nakikata usiku kucha, nikifumua na kurudia, kinaisha kabla chai haijaletwa. Siku moja nilishika kitenge cha mteja, cha bluu iliyokolea chenye manjano pembeni, nikajikuta nimekisogeza mlangoni kwenye mwanga kukitazama. Nikajua na hiyo inarudi.

Lakini saa mbili usiku mimi kwisha. Nalala na kuku, baba watoto anasema, na hasemi kwa kunisifu. Alizoea mke wa saa sita usiku, mwenye hadithi. Sasa anarudi kutoka kazini ananikuta nasinzia na kijiko mkononi. Tumejaribu kuhamishia maongezi alfajiri. Alfajiri yeye ndiye haongei.

Kamati moja nimeipoteza, imekwenda kwa fundi wa Mwananyamala anayekesha. Nilimwona juzi Kariakoo kwenye duka la uzi, macho mekundu, anacheka sana, kila mtu anamsifu. Nilitaka kumwambia kitu. Nikamsalimia tu, tukabishana bei ya bitana, tukaachana.

Pia haziji kila siku. Juzijuzi hapa nilipata siku tatu mfululizo za uchovu ule ule wa mwanzo, ule wa miguu mizito, bila sababu yoyote, nikaogopa tumeanza upya. Siku ya nne ukaondoka. Mama wa Kimara anasema kwake ulikuja na kuondoka mwaka mzima. Alilisema hilo akimenya chungwa, kwa namna ya mtu anayetaja msimu wa mvua.

Mashoga zangu sijaachana nao. Nawaona mchana wa Jumapili, Coco Beach, mihogo na pilipili, na mcheshi wetu anachekesha hata kwenye jua. Kitchen party naenda, natoa zawadi, nacheza nyimbo mbili, natoka. Kadi inasema saa kumi jioni, bibi harusi anaingia saa mbili usiku, na huo ni ugonjwa wa Dar ambao sina dawa yake.

Desemba tunapanda Rombo. Mama mkwe ataona tumbo langu lilivyo. Anapika mbege nzuri kuliko wote kijijini, ndizi zake mwenyewe na ulezi wake mwenyewe, na msimamo wake unajulikana: mbege si pombe, ni chakula. Nitamwambia mimi mwenyewe, jikoni, kabla kibuyu hakijaanza kuzunguka, na nitamwambia pia kuhusu mtori. Nadhani la mtori ndilo litakalomuuma zaidi.

Wateja wangu mnaosoma hapa: kuanzia mwezi ujao vipimo ni asubuhi, saa moja hadi saa nne. Kuchukua nguo, mwisho saa kumi na moja jioni. Sare za harusi nahitaji kitambaa wiki mbili kabla, na mwenyekiti wa kamati aje na majina yote kwa mkupuo, si mmoja mmoja. Ukipiga simu saa tatu usiku atapokea baba watoto, naye, mnamjua, atawaambia mngoje kwanza.